Sura ya Nne: Shahada ya Muuza Makaa

Tarehe 2 Desemba 2022, jijini Boston, Marekani, Charlot Magayi wa Nairobi alitajwa kuwa mmoja wa washindi watano wa Tuzo ya Earthshot, tuzo ya mazingira iliyoanzishwa na Mwanamfalme William wa Uingereza, ambayo kila mshindi wake hupokea pauni milioni moja. Simulizi iliyozunguka magazetini na redioni baada ya hapo ilikuwa na umbo moja. Alikulia Mukuru, akafiwa na wazazi utotoni, akawa mama angali msichana, akauza makaa ili apate riziki. Mwaka 2012 bintiye aliungua vibaya kwa jiko la makaa. Mwaka 2017 mama huyo akaanzisha kampuni ya Mukuru Clean Stoves, inayotengeneza majiko yenye moshi mchache na ulaji mdogo wa nishati. Yote hayo ni kweli, na yanagusa moyo. Lakini jinsi yanavyopangwa, yamejengwa juu ya methali ambayo msimulizi haitamki: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tunaambiwa kwamba mtu huyu aliona suluhisho kwa sababu aliumia. Maelezo hayo hayatoshi. Kikohozi cha moshi kiko katika kila ploti ya mabati, na mtoto kuungua ni ajali ambayo mama yeyote anayepika, kulala na kulea katika chumba kimoja huihofia kila jioni. Kama maumivu pekee yangemfundisha mtu uvumbuzi, Mukuru ingejaa wavumbuzi wa majiko.

Hoja ya sura hii ni kwamba katika yote yaliyompata Magayi, lenye uzito mkubwa ni lile ambalo wasimulizi hulitaja haraka na kulipita, yaani kuuza makaa. Wao hulichukulia kama alama ya umaskini, kitu cha kuonyesha jinsi alivyoanzia chini. Mimi naliona kuwa ndiyo shule yake. Muuza makaa ana elimu ya soko la nishati ambayo mhandisi hana, na mama mwenye kuumizwa na moshi pia hana, hata akiumizwa miaka ishirini. Tukimsifu mjasiriamali kwa mateso yake, tunamheshimu kwa kitu ambacho hakukichagua na tunamnyima heshima ya kitu alichokijua. Na kosa hilo haliishii kwa mtu mmoja. Linaamua wafadhili wanamtafuta nani, serikali inamsikiliza nani, na kijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, anajifikiriaje anapowaza kuanzisha kampuni.

Tuanze na mahali penyewe. Mukuru ni mfululizo wa mitaa iliyosongamana kandokando ya Mto Ngong, mashariki na kusini mashariki mwa katikati ya jiji: Kwa Njenga, Kwa Reuben, Viwandani. Upande mmoja kuna viwanda vya Industrial Area, upande mwingine Embakasi na maghorofa ya Pipeline. Watu wengi wameishi hapo juu ya ardhi ambayo hati zake ziko kwa wengine, na mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, kwa sababu kanuni za kawaida za ujenzi wa jiji hazingeweza kutumika pale bila kubomoa kila kitu. Nyumba ya kawaida ni chumba kimoja cha mabati. Ndani yake mna kitanda, pazia, mitungi ya maji na jiko, na jiko hilo huwashiwa nje kisha huingizwa ndani likishika. Katika chumba kama hicho, umbali kati ya moto na mtoto haupangwi na mzazi. Umepangwa na upana wa chumba.

Namna ya kununua nayo ina kanuni zake. Kaya ya Mukuru, Kayole au Dandora hainunui nishati kwa mwezi. Hununua kwa siku, na mara nyingine kwa mlo, kwa sababu pesa nazo huingia kwa siku: ya mjengo, ya kufua nguo za watu, ya kibanda cha mboga. Wakenya wameuita mpango huo uchumi wa kadogo, na bidhaa karibu zote zimejifunza kuufuata, kuanzia sukari hadi sabuni ya unga. Makaa yaliufuata zamani. Gunia hufika likiwa zima, muuzaji hulifungua, akagawa kwa debe, kwa mkebe wa lita mbili, kwa mkebe mdogo zaidi. Anayenunua kwa mkebe hulipa bei kubwa zaidi kwa kilo kuliko anayebeba gunia, na anajua hivyo. Hana la kufanya, kwa kuwa gunia linataka pesa za wiki kadhaa kwa mkupuo mmoja na pia mahali pa kuliweka.

Sasa fikiria anachokiona mtu aliyesimama upande wa pili wa mkebe. Muuza makaa anajua ni nani huja saa kumi na moja jioni na ni nani huja usiku, baada ya mume kurudi na chochote alichopata. Anajua kwamba mteja wa maharagwe na githeri huchukua mkebe wa ziada, na kwamba siku za mvua makaa hupanda bei huku mteja akija na pesa zilezile. Anajua nani hukopa na hulipa lini. Anaziona chenga na vumbi zikibaki chini ya gunia, mali aliyoilipia lakini haipimiki kwenye mkebe. Anajua pia jambo ambalo ni gumu kulipata kwa maswali ya mtafiti: ni shilingi ngapi hasa mtu yuko radhi kuzitoa leo kwa ajili ya kitu kitakachomfaa kesho. Hizo ni takwimu za soko zilizokusanywa kila siku, zikahifadhiwa kichwani, zikasahihishwa na hasara. Makosa ya muuza makaa hulipiwa jioni hiyohiyo, na kwa hiyo hayadumu.

Kwamba maarifa hayo ndiyo kiini cha tatizo lenyewe, tuna ushahidi usiotoka kwa Magayi wala kwa kampuni yake. Mwaka 2022 jarida la American Economic Review lilichapisha utafiti wa Susanna Berkouwer na Joshua Dean, wanauchumi wa vyuo vikuu vya Pennsylvania na Chicago, uliofanywa kwa kaya zipatazo elfu moja za Dandora, Kayole, Mathare na Mukuru zilizokuwa zikipikia makaa. Walizipa nafasi ya kununua Jikokoa, jiko la kisasa la makaa ambalo wakati ule liliuzwa madukani kwa dola 40 hivi. Waliolipata walipunguza matumizi ya pesa za makaa kwa asilimia 39, akiba ya dola 119 hivi kwa mwaka, ambayo kwa kaya hizo ilikaribia mapato ya mwezi mzima. Jiko hilo basi lingejilipa ndani ya miezi michache. Lakini watu hao hao walipoulizwa kwa njia iliyowabana kusema kweli, wastani wa kiasi walichokuwa radhi kutoa ulikuwa dola 12. Walipopewa nafasi ya kulipa kwa awamu ndani ya miezi mitatu, kiasi hicho kiliongezeka zaidi ya maradufu. Kuwahimiza wahesabu akiba watakayoipata hakukuwa na athari ya namna hiyo.

Matokeo hayo yanafuta maelezo mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni kwamba watu wa mitaa hii hawajui faida ya jiko bora na wanahitaji kuhamasishwa. Wanajua, kuwaeleza zaidi hakukuongeza senti. La pili ni kwamba hawajali afya au hawaoni mbali. Wanaona, ila hawana dola 40 kwa siku moja. Kikwazo ni mpangilio wa pesa katika siku za wiki. Mwanamke wa Kayole anayekataa jiko la dola 40 leo na kuendelea kulipa makaa mengi kwa mwaka mzima hajakosea hesabu. Amefanya hesabu ya mtu ambaye kodi ya nyumba inadaiwa kesho na hakuna benki itakayomkopesha leo. Tatizo la jiko la Eastlands, kwa maneno mengine, lina sehemu mbili: moja ya joto na udongo, ambayo wahandisi walikwisha kuielewa miaka mingi iliyopita, na moja ya mkoba, ambayo muuza makaa huielewa kuliko wote.

Turudi kwa Magayi tukiwa na hesabu hiyo mkononi. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa wakati wa tuzo, jiko lake liliuzwa kwa dola 10, lilipunguza gharama za nishati kwa nusu, na lilitumia nishati iliyosindikwa kutokana na makaa, kuni na miwa. Majiko yenyewe hutengenezwa kwa chuma chakavu kinachopatikana nchini, na kampuni huendeshwa na wanawake. Zingatia ile dola 10. Watafiti wawili, wakiwa na ruzuku za utafiti na mbinu za kisasa za kupima nia ya mnunuzi, walipata kwamba mtu wa mitaa hii yuko radhi kutoa dola 12 hivi bila mkopo. Mtu aliyewahi kuuza makaa Mukuru aliipanga bei yake chini kidogo ya hapo. Siwezi kuthibitisha kwamba bei hiyo ilitokana na uzoefu wa mkebe, lakini ni vigumu kuamini kwamba ni sadfa tupu. Mhandisi huanza na jiko bora awezalo kulibuni, kisha hutafuta jinsi ya kulipunguza bei. Mchuuzi huanza na pesa iliyo mkononi mwa mteja, kisha huuliza ni jiko gani linaweza kutengenezwa kwa pesa hiyo. Mpangilio wa pili hutoa jiko dogo kwa sifa za kiufundi, lakini ni jiko linaloingia nyumbani.

Mpangilio huo una historia ndefu zaidi katika Eastlands kuliko kampuni yoyote ya leo. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa jijini Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na wasiwasi wa kuisha kwa misitu ulikuwa umepamba moto. Katika miaka hiyo mradi wa nishati uliofadhiliwa na Marekani ulileta wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye ganda la bati nje na udongo uliochomwa ndani. Jiko la bati tupu lililotumika Kenya lilifikisha kwenye sufuria sehemu ndogo sana ya joto lake. Udongo ungelizuia joto hilo lisipotee. Maxwell Kinyanjui alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi ya kulibadilisha jiko hilo lifae Kenya. Likapewa kiuno chembamba, udongo ukawekwa nusu ya juu tu, nalo likawa jepesi na lenye kusimama imara mtu anaposonga ugali. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana ya kibiashara pia: sehemu ya bati iliweza kukatwa na kugongwa kwa nyundo na mafundi wa Shauri Moyo, na sehemu ya udongo ikafinyangwa na karakana nyingine. Halikuhitaji kiwanda kipya. Lilihitaji watu waliokuwapo tayari, katika eneo lile la Shauri Moyo na Kamukunji ambako mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali na kuagiza wajengewe vibanda.

Mwanzoni jiko hilo liliuzwa kwa dola 15 hivi na halikutoka. Lilianza kuenea pale lilipokuwa mali ya mafundi wengi. Hakuna aliyelifungia kwa hataza, kila karakana ikaiga na kurekebisha, ushindani ukaishusha bei hadi karibu dola mbili. Mwaka 1995 mwanasayansi Daniel Kammen aliandika katika jarida la Scientific American kwamba majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini, katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini. Kati ya dola 15 na dola mbili sayansi ya joto haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba uamuzi kuhusu jiko ulitoka mikononi mwa mradi ukaingia mikononi mwa watu walioishi kwa kuuza vitu vya bati kwa majirani zao. Wapo walioharakisha kazi, udongo wao ukapasuka baada ya miezi michache, na mteja akapata hasara. Uigaji huru una gharama zake. Lakini hata lawama hizo zinaonyesha soko lililo hai, ambamo mteja hujifunza ni karakana ya nani isiyomwaibisha.

Hapa msomaji anaweza kunigeuzia hoja. Kama jiko hilo asili yake ni Thailand na fedha zake za mwanzo ni za Marekani, na kama Jikokoa ni kazi ya kampuni ya BURN iliyoanzishwa na mgeni, Peter Scott, basi elimu ya mtaani si lazima. Mgeni mwenye uhandisi mzuri amefanya kazi ileile, pengine bora zaidi. Pingamizi hili ni la haki, nami nalikubali kwa sehemu. Sidai kwamba lazima mtu azaliwe Mukuru ndipo aitumikie Mukuru. Dai hilo lingenirudisha kwenye methali ya maiti niliyoikataa mwanzoni. Ninachodai ni kwamba mtu yeyote, awe wa Mukuru au wa Marekani, hafiki kwenye jiko la nyumba hizi mpaka apitie kwenye elimu ya mkebe. Mradi wa miaka ya 1980 uliipata kwa kuwaachia mafundi. BURN iliipata kwa kuuza kwa awamu na kwa kutumia mapato ya soko la kaboni kushusha bei. Kila mmoja aliifikia kwa njia ndefu na ya gharama kubwa. Magayi alianza nayo. Tofauti hiyo ndiyo faida yake, na ni faida ya kweli ya kibiashara, inayostahili kuhesabiwa kama shahada ya uhandisi inavyohesabiwa kwa mwingine.

Pingamizi la pili huulizwa kwa upole zaidi: je, jiko ni teknolojia kweli? Jiji hili linajivunia M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, na likisikia mjasiriamali wa teknolojia hufikiria programu ya simu na ofisi ya kioo huko Westlands au Kilimani. Lakini teknolojia ni mbinu iliyopangwa ya kutumia maumbile kwa faida ya watu, na ni maumbile machache yanayotumiwa na watu wengi zaidi, mara nyingi zaidi, kuliko moto. Hata M-Pesa, tukiitazama vizuri, inaunga mkono hoja hii. Ilienea kwa sababu ya wakala mwenye kibanda, anayepokea noti ya shilingi 100 kutoka kwa mtu anayemjua kwa sura. Mtambo wake ni wa hali ya juu; sehemu inayougusa umma ni uchuuzi. Kampuni nyingi za teknolojia zilizodumu Eastlands zimelazimika kujifunza kuuza vipande vidogo kwa pesa za leo: dakika za simu, data ya siku, taa ya sola inayolipiwa kidogo kidogo.

Pingamizi la tatu ni zito, na mtu anayempenda Magayi hapaswi kulikwepa. Je, jiko bora la makaa linaponya mapafu? Berkouwer na Dean walirudi kwa kaya zilezile baada ya zaidi ya miaka mitatu. Walikuta kwamba wenye jiko jipya walivuta moshi mchache sana wakati wa kupika, nao waliripoti dalili chache za kifua. Lakini vipimo vya kitabibu, kama shinikizo la damu, havikuonyesha tofauti. Sababu mojawapo si ya jikoni: mtu hupika saa chache, na saa nyingine zote huvuta hewa ya jiji, yenye moshi wa viwanda, wa magari ya barabara ya Outer Ring na wa jaa la Dandora. Tena takwimu za tuzo zinataka jicho. Tuliambiwa jiko la Mukuru hupunguza uchafuzi kwa asilimia 90 likilinganishwa na moto wa wazi, na kwa asilimia 70 likilinganishwa na jiko la kienyeji. Nambari ya kwanza ndiyo iliyopendwa na vichwa vya habari, ilhali katika chumba cha Mukuru karibu hakuna anayepikia mafiga matatu. Kwa watu hawa nambari inayohusika ni ya pili, na hata hiyo inaacha asilimia 30 ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Basi kwa nini tusiachane na makaa, tuwape watu gesi? Ndilo lengo sahihi la nchi, na wengi wa Eastlands wameshanunua meko, ule mtungi mdogo wenye kichomeo juu. Lakini tazama jinsi lengo hilo lilivyotendewa. Gesi ya kupikia iliondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016. Julai 2021 kodi hiyo ikarudi kwa asilimia 16. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa tena. Katikati ya hayo, mwaka 2018, serikali ilizuia ukataji miti katika misitu ya umma, makaa yakapanda bei, na mwaka huohuo mafuta taa yakawekewa ushuru mpya wa shilingi 18 kwa lita. Kaya iliyojaribu kufuata sera hizo ingebadilisha jiko karibu kila mwaka. Yenyewe ilichagua njia ya busara: ikaweka meko kwa chai ya asubuhi, ikabaki na jiko la makaa kwa maharagwe, kwa sababu makaa hununuliwa kwa mkebe na mtungi haujazwi kwa mkebe. Maadamu hali ni hiyo, mtu anayelifanya jiko la makaa kuwa salama na lenye ulaji mdogo anashughulika na nyumba kama ilivyo. Hawezi kusubiri hazina ya taifa iamue. Na hata pale ambapo mapafu hayapimiki kupona, nusu ya pesa za nishati iliyobaki mkobani ni karo, ni unga, ni deni lililolipwa. Tukidai kwamba jiko limeponya jiji tutakuwa tumesema uongo. Lakini tukidai kwamba halikufanya lolote, tutakuwa tumedharau pesa ya mtu mwenye pesa kidogo.

Linabaki pingamizi la nne, linalohusu tabia yenyewe ya kumtukuza mtu mmoja. Jiko la Kenya la miaka ya 1980 lilienea kwa mikono mingi ambayo majina yake hayakuandikwa popote. Leo tuna jina moja, sura moja, hundi moja. Je, si dhuluma kwa mafundi? Kuna ukweli hapa. Tuzo za kimataifa hutaka shujaa, na shujaa hutaka hadithi, na hadithi hukata watu wengi ili mmoja aonekane. Lakini kampuni yenye jina ina jambo ambalo uigaji wa Shauri Moyo haukuwa nalo: mtu wa kuulizwa. Udongo ukipasuka, mteja anajua pa kurudi. Ahadi ikitolewa, kuna wa kuidai. Na Magayi ametoa ahadi kubwa. Wakati wa tuzo ilielezwa kwamba watu 200,000 walikuwa wakitumia majiko yake, kwamba alitarajia kufikia wateja milioni moja katika miaka mitatu, na milioni kumi katika miaka kumi. Nambari za kampuni ni za kampuni, na msomaji mwangalifu atazisubiri kwa vipimo vya watu wa nje. Hivyo ndivyo anavyopaswa kutendewa mjasiriamali yeyote. Kumhukumu kwa idadi ya majiko yanayowaka baada ya miaka miwili jikoni ni heshima kubwa kuliko kumlilia kwa yaliyomsibu.

Nini basi tunaweza kusema kuhusu tabia yake bila kubuni? Rekodi ya umma inatupa machache, lakini yanatosha. Kati ya kuungua kwa bintiye na kuanzishwa kwa kampuni ilipita miaka mitano. Hii haikuwa kazi ya hamaki. Alipoipa kampuni jina alichagua jina la mtaa ambao vijana wengi huuficha wanapoandika anwani katika barua za kuomba kazi, na akaliweka mbele ya wawekezaji wa kimataifa kama chapa ya biashara. Alijenga kampuni inayoendeshwa na wanawake, yaani watu walewale wanaonunua mkebe na kushika mwiko. Katika kila moja ya hatua hizo kuna dhana ileile: kwamba anayelijua soko hili ni aliye ndani yake, na kwamba ujuzi huo ni mtaji. Maono yake, kama tutatumia neno hilo, yako hapo. Kilichomtofautisha ni kukataa kuamini kwamba aliyojifunza akiuza makaa yalikuwa ya kiwango cha chini, yanayopaswa kusahauliwa mtu akipata nafasi ya kuingia ukumbini.

Tukikubali hayo, kuna mambo yanayopaswa kubadilika. Vituo vya ubunifu vya Nairobi huchagua wanagenzi kwa wasilisho la slaidi na Kiingereza cha kujiamini. Vingeweza kuuliza mtu ameuza nini, kwa nani, kwa muda gani, na alipata hasara wapi. Wafadhili wanaolipa washauri kuchunguza tabia za wanunuzi wa kipato cha chini wangeweza kuwalipa mama mboga na wauza makaa kwa kiwango cha washauri, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi wanayoifanya. Watunga sera wanaopanga kodi ya gesi wangeweza kupima kwanza kama gesi inaweza kununuliwa kwa shilingi 50 kabla ya kuwalaumu watu kwa kung'ang'ania makaa. Na vyombo vya habari vinavyomhoji mjasiriamali wa Eastlands vingeweza kupunguza maswali ya machozi na kuongeza maswali ya hesabu: gharama ya jiko moja, kiwango cha yanayorudishwa yakiwa yameharibika, deni la mteja, mshahara wa anayeunganisha bati. Maswali hayo ndiyo huulizwa wanaume wenye makampuni makubwa, na hakuna sababu ya mwanamke wa Mukuru kuulizwa mengine. Akijibu vizuri, sifa itakuwa yake kwa haki. Akijibu vibaya, tutajua mapema, na fedha zitakwenda kwa mchuuzi mwingine wa Kayole au Dandora mwenye hesabu bora zaidi, ambaye hadi leo hakuna aliyemuuliza anajua nini.